Fundi wa dari asiyeuamini mguu wake

Jua la asubuhi limejaa chumba kitupu, na dari inang'aa kwa rangi mbichi. Juu ya ngazi, fundi rangi anayeitwa Bembea anapeleka brashi taratibu, macho yamemlegea kama mtu anayeelekea usingizini. Mguu wa kulia umekanyaga kipandio sawasawa. Wa kushoto umekigusa tu, kwa adabu.

"Huku juu nasahau kila kitu," anasema bila kugeuka. "Dari inakuwa pana, pana, mpaka najiona naelea. Halafu kifundo kinacheza kidogo, ndoto yote inakatika."

Jina la Bembea alipewa na mafundi wenzake. Miaka saba iliyopita aliteguka kifundo cha mguu wa kushoto, akakikanda kwa maji moto, akarudi kazini. Tangu hapo kifundo humsaliti popote: kwenye kokoto, kwenye zulia, hata mahali pakavu pasipo na kitu.

"Bembea, leo umeteleza kwenye nini? Kivuli chako?" humtania wenzake.

Yeye hucheka nao. Kinachomuuma kiko nyumbani. Kitindamimba wake, binti wa miezi kumi, Bembea hajawahi kumbeba akiwa amesimama. Humpakata sakafuni, mgongo wake ukiwa ukutani.

"Mimi nilidhani hampendi," anasema waziwazi mkewe, aliyemletea chai hapa kazini. "Nikamkalia kooni mpaka akasema ukweli, kwamba anaogopa kuanguka naye. Niliona aibu, jamani."

Mkewe ndiye aliyemburuta hospitali. Picha ya kwanza ya eksirei alipigwa amelala, na mifupa ikaonekana imepangana vizuri. Daktari wa mifupa akataka nyingine, mgonjwa akiwa amesimama, kisigino kipigwe kutoka nyuma. Bembea akasimama. Picha ikatoka safi tena.

Mpiga picha, mama wa makamo asiyeishiwa utani, akamkagua juu mpaka chini.

"Kaka, mbona umesimama kama kuku aliyenyeshewa? Uzito wote umeutupa kulia."

"Sijui kusimama vingine, dada. Mwili umeshazoea."

"Kazi yako nini?"

"Napaka rangi dari."

"Haya, nipakie hii yangu."

Bembea akainua mkono, akaanza kupaka kwa brashi isiyokuwepo. Akajisahau kabisa. Alipoifuata kona ya kushoto, uzito ukahamia mguu wa kushoto, na picha ikapigwa. Kisigino kilionekana kimelalia ndani, na mfupa wa kifundo juu yake umeinama kukifuata.

"Wewe si mzembe," daktari alimwambia. "Umesimama juu ya msingi uliopinda. Kila ukikanyaga, unakuangusha."

"Nililia pale pale," anasema Bembea. "Miaka yote nilijilaumu mwenyewe."

Wiki ijayo atapasuliwa. Mfupa wa kisigino utakatwa na kusogezwa nje kidogo, kisha kano zilizolegea zikazwe. Kupanda ngazi tena, daktari hakumwahidi. Bembea anasema hilo halimkoseshi usingizi. Siku hizi akilala huota anatembea barabarani na binti yake mikononi, wala haangalii chini.

"Lakini baba watoto," mkewe anamkumbusha, "mpaka upone huyu mtoto atakuwa anakimbia. Huenda hata hatataka kubebwa."

Bembea anaifuta brashi.

"Basi nitamwomba."