Folda Yangu Ilivyotoka kwa Wageni

Kazi ya mama mdogo ilinishinda kuieleza shuleni. Wenzangu walikuwa na mama wauguzi, walimu, wauza maandazi. Mimi nilikuwa na mama mdogo, na mama mdogo alitunza folda za watu.

Kampuni yao ilinunua alizeti na karanga. Ilikuwa na ofisi mjini Dodoma, nyingine Gulwe kule relini, na nyingine Chemba. Kila ofisi ilikuwa na kompyuta moja kubwa waliyoiita seva, na humo kila mfanyakazi alikuwa na folda yake ya nyumbani, ambamo kazi zake zote zilikaa. Mtu akihamishwa kutoka Gulwe kwenda Chemba, folda yake lazima imfuate. Ofisi hazikuwa zimeunganishwa kwa waya wowote, kwa hiyo mama mdogo alinakili folda kwenye tepu, zinazofanana na kanda za redio ila nene zaidi, akazifunga kwenye kipande cha kitenge zisipate vumbi, akazituma. Za Gulwe zilikwenda na treni, za Chemba na basi.

Alikuwa na sheria moja ambayo hata meneja aliitii. Hafuti folda ya zamani mpaka mwenye folda akae mbele yake na kufungua faili lolote kutoka kwenye folda mpya. "Fungua moja tu nione herufi," angesema. Akishaziona anageuza uso. "Ya ndani ni yako. Mimi naangalia kama umefika salama."

Nilikuja kukaa naye Nzuguni, hapo hapo Dodoma, mama alipofariki. Baba alibaki Chemba na biashara yake ya ng'ombe. Makubaliano yalikuwa nimalize kidato cha nne, nirudi kwa baba. Mama mdogo aliyajua na mimi niliyajua, ila hakuna aliyeyataja mezani. Mitihani ilipokwisha nikawa namfuata ofisini badala ya kushinda peke yangu nyumbani. Akaniona ninaandika nyuma ya madaftari ya shule, mkono umefunika karatasi kama kawaida yangu, akanifungulia folda.

"Andika humu. Utajifunza kuchapa huku unapiga soga na nafsi yako."

Nikapiga soga kweli. Niliandika kwamba siupendi ugali wa uwele. Niliandika habari za kijana wa duka la Mhindi tunakonunua disketi, ambaye akinirudishia chenji naangalia viatu vyangu. Na katika faili moja niliandika kwamba sitaki kurudi Chemba. Kwamba natamani kumwita mama, bila hiyo mdogo. Kwamba sijui kama ananitaka au ananitunza tu kwa sababu ya marehemu dada yake. Mdomo wangu mambo hayo hauyawezi. Vidole viliyaweza.

Siku moja akaja mtunza stoo wa Gulwe, mjomba mmoja mnene ambaye kicheko chake hutangulia kuingia. Alikuwa anarudisha tepu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe! Mtu wa Dodoma hupendi ugali wa uwele, unapenda nini? Keki?"

Mama mdogo akacheka. "Nani kakwambia?"

"Si kaandika mwenyewe! Natafuta ratiba ya magari kwenye folda ya wageni, nakutana na uwele. Nikasoma mistari ya juu, nikaona hii siyo ratiba, nikafunga. Usinitazame hivyo, mjomba, wallahi nilifunga."

Mama mdogo akaacha kucheka. Kwenye seva palikuwa na folda moja kubwa iliyoitwa WAGENI, ya wakaguzi, madereva wa kukodi na kila asiyekuwa mwajiriwa. Kwa kuwa wageni hawatulii ofisi moja, folda hiyo ilinakiliwa nzima kwenda ofisi zote, na haikuwa na neno la siri. Mimi sikuwa na namba ya mfanyakazi. Akaniweka humo.

Nilitoka nikaenda kukaa stoo, nyuma ya magunia ya alizeti. Karani wa Chemba hunywa kahawa na baba kila jioni. Faili langu likifika kule, baba atasikia kwa mtu baki kwamba mwanawe hamtaki, na mimi sikuandika kwamba simtaki. Hilo liliniuma. Lile neno wageni lilikuwa linaniuma zaidi.

Mama mdogo akanifuata. Akakaa juu ya gunia na sketi yake ya ofisini.

"Kuna nini humo zaidi ya uwele?"

Nikauliza, "Tepu ya Chemba imeshaondoka?"

"Basi limekatika springi tangu juzi. Tepu iko mezani kwangu."

Halafu likanitoka lingine ambalo sikulipanga. "Kwa nini uliniweka kwa wageni?"

"Haraka tu." Akachezea uzi wa gunia. "Hapana, siyo haraka. Sikujua nikuweke wapi. Baba yako atakuja kukuchukua, na mimi nilikuwa najizoesha."

Tukarudi ndani. Mjomba wa Gulwe aliapa kwamba ataifuta nakala ya kwao kabla hajavua viatu, na safari hii hakucheka. Mama mdogo akafungua folda yake mwenyewe, akatengeneza nyingine ndani yake, akaninong'oneza niandike neno la siri, akatazama dari mpaka nikamaliza. Akanakili vitu vyangu. Kisha akasukuma kiti chake nyuma.

"Haya. Sheria ni ile ile. Fungua moja."

Ningeweza kufungua lile la uwele, lilikuwa limeshajulikana hadi relini. Mkono ukakaa juu ya kibodi. Nikafungua lile la Chemba.

Herufi zikajaa kwenye kioo. Akaziona, akageuza uso kama alivyowafanyia watu wote, akatazama dirishani kule wanakopima karanga.

"Umefika. Nifute ya zamani?"

"Soma," nikasema.

"Mimi sisomi vya watu, unajua."

"Soma, mama."

Akageuka. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, akafika chini, akarudi juu akaanza tena. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, akatoka bila kuaga, jambo ambalo sijaliona tena kwake. Mama akavuta kibodi, akaifuta ile folda ya zamani kule kwa wageni, na tepu ya Chemba akaiweka pembeni ili aiandike upya.

"Basi likipona tutapanda wote wawili," akasema. "Baba yako tutamwambia sisi, kwa midomo yetu. Wewe utaanza, mimi nitamalizia."

"Nikishindwa kuanza?"

"Nitakusubiri uanze."

Akazima kioo, akakusanya mkoba wake. Alipofika mlangoni akaongeza, "Na leo usiku ni uwele. Anayeulizwa anapenda nini ni mgeni."

Nikaula. Bado siupendi.