Mkwe Aliyekatazwa Kusimama

Papa Polycarpe hakuwa mtu wa kukaa mbele ya wakwe. Kwa miaka ishirini na sita, kila mama mkwe wake Agathe alipofika kutoka kijiji cha Miti, alivua kofia, akasimama wima na kusalimu macho yakiwa chini. Kumgusa mkono? Thubutu! Wanafunzi wake wa hesabu walimwita Bendera kwa kusimama wima hivyo, naye alilijua jina hilo na kulifurahia kimoyomoyo.

Kilichomtisha mtu huyu ni tansio, shinikizo la damu. Alimeza vidonge vya aina nne kila asubuhi, na bado kipimo kilionyesha kumi na tisa kwa kumi na moja, juu mno. Kaka yake alikufa kwa ugonjwa huohuo kabla ya kufika sitini. Polycarpe alikuwa na miaka hamsini na nane, na aliogopa, tena sana.

Ndipo daktari Gisèle, wa kliniki moja ya Ibanda, alipomweleza tiba mpya: mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi mishipa ya figo, kisha neva zinazopandisha tansio huchomwa kutoka ndani.

"Docta, mukichoma, figo haitakufa?"

"Papa, hatuchome figo. Watu wengi walishafanyiwa, na figo zao ziko muzuri. Mara chache sana mushipa unaumia, ndiyo maana tutakufuatilia. Mimi naogopa zaidi kale katundu ka kupitisha murija ku paja, kanaweza toka damu. Utalala masaa sita, muguu sawasawa, bila kusimama. Na vidonge utaendelea kunywa. Umesikia?"

Alisikia vizuri. Kusikia hakukuwa shida yake kamwe.

Kazi ilikwenda salama. Saa ya tatu ya kulala, Polycarpe alikuwa anamchekesha muuguzi Priscille kwa visa vya shuleni, mlango ukafunguliwa. Agathe huyo, na kikapu cha viazi vitamu.

Kichwa kilikumbuka masharti. Mwili ulikumbuka adabu, na mwili ulikuwa umefanya mazoezi kwa miaka ishirini na sita. Kabla Priscille hajageuka, mkwe mwema alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono unatafuta kofia ambayo hakuivaa. Kisha akahisi joto likishuka mguuni. Shuka aliyojifunga ilikuwa nyekundu.

"Papa! Lala!" Priscille alimrudisha kitandani, akakandamiza paja kwa mikono miwili.

Hata hapo Polycarpe alijaribu kuinua kichwa. "Unisamehe, mama, nakusalimia nikiwa nalala..."

Agathe alitupa kikapu, akamshika mabega na kumbana kwenye mto. "Lala, mutoto yangu! Utakufa mbele yangu juu ya heshima? Heshima gani hiyo?"

Hakumwachia mpaka damu ilipokatika, karibu nusu saa. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kumgusa hata siku moja. Polycarpe alilia waziwazi, wala hakuona aibu.

Baada ya miezi mitatu kipimo kilikuwa kumi na nne kwa tisa, figo nzima, vidonge bado vya aina tatu. Safari hii yeye ndiye aliyekwenda Miti. Agathe alikuwa mlangoni akiambua maharagwe kwenye sinia. Polycarpe akavua kofia, akasimama, macho chini.

"Umekunywa dawa leo?"

"Ndiyo, mama."

Bibi akaweka sinia pembeni, akamtazama kuanzia viatu hadi upara.

"Basi simama hapo kidogo, nikuone muzuri."