Visigino vya Ukoo

Fundi viatu wa mtaa wetu, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, alirithi kwa baba yake nyundo, kalibu za mbao za kuundia viatu, na uvimbe mgumu nyuma ya kila kisigino. Kaka yake pia alikuwa nao. Walijishonea viatu vilivyolegezwa nyuma, vyenye sponji, wakafanya mzaha: ukitaka kumjua ndugu yetu, mvue kiatu. Baba alianguka kazini kabla ya uzee. Kaka akamfuata, hata mvi hajaota. Watu wakasema moyo, wakazika, wakanyamaza.

Juzijuzi kifua kilimbana Sindano akipiga soli. Hospitalini, daktari, mama wa makamo, alimvua viatu, akaubonyeza ule uvimbe.

"Haya ni mafuta, kaka."

"Mafuta gani, dada? Mimi hata mbwa wa buchani hawanitazami."

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba mafuta husafiri katika damu ndani ya vifurushi vidogo viitwavyo lipoprotini. Ini hutakiwa kuvipokea. La kwake, tangu kuzaliwa, linapokea vichache. Vilivyobaki hujipenyeza kwenye kuta za mishipa ya moyo, hujikusanya humo, njia ya damu ikazidi kuwa nyembamba. Vingine huishia visiginoni.

"Ugonjwa huu hurithiwa. Una watoto?"

Anaye mmoja, binti wa miaka kumi na minne. Jioni hiyo alimkalisha kwenye stuli ya wateja, akampapasa visigino. Laini. Akapapasa tena.

"Baba, unanishonea viatu?"

"Tulia."

Alishusha pumzi. Mkewe, aliyesimama mlangoni, akamuuliza, "Wewe uvimbe ulikuota lini?"

"Tulikuwa tumeshaoana."

"Sasa kwa mtoto unatafuta nini? Mpeleke akapimwe damu."

Siku za kungoja majibu alijipiga kidole zaidi ya alivyopiga misumari. Kila binti alipokimbia uani, alitega sikio asikie kama anahema.

"Amerithi," daktari alisema. "Lakini tumemuwahi. Akianza dawa sasa, mishipa yake ina nafasi nzuri ya kubaki wazi."

"Nafasi tu?"

"Nafasi nzuri, kaka. Uhakika sina."

Binti alimshika baba yake mkono.

"Na wewe una dawa zako, Baba. Nani atamkumbusha mwenzake?"

"Wewe," alisema Sindano. "Mimi nitasahau kwa woga."