Utando Juu ya Gari

Fundi wa magari ya rimoti hupaka bodi rangi kwa ndani, maana plastiki yenyewe ni angavu kama kioo. Nje hubaki utando mwembamba wa nailoni wa kuzuia mikwaruzo. Taa ndogo za rangi zikishafungwa na kuwashwa, utando hubanduliwa, na gari hung'aa hadi raha.

Kubandua ilikuwa kazi ya mkewe. Hakupewa na mtu, alijitwalia. "Wewe na vidole vyako vya gundi, kaa huko!" Akiwa kitini pake karibu na dirisha, aliuvuta polepole, akicheka kama mtoto kwa ule mlio wa utando ukibanduka.

Tangu wamzike, magari hutoka na utando wake.

Leo mteja alikuja juu. "Fundi, mbona limefifia? Hizi taa zina mtoto wa jicho?"

"Ni utando. Utabandua nyumbani."

"Nyumbani kwa nini, na mikono ninayo?" Akapenyeza ukucha, akavuta.

Mlio ule ukajaa chumba kizima. Fundi akageukia kiti cha dirishani, tabasamu limeshamjaa usoni, kabla hajakumbuka.