Sarafu ya Kiunoni

Hata leo nikipita karibu na uwanja wa bendera nainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano, maana pale ndipo nilipojulikana Kindu nzima, na si kwa ajili ya diploma yangu ya masomo ya jioni (niliibandika mlangoni, upande wa nje, wala hakuna aliyesimama kuisoma).

Nilikuwa nimetoka Obokote baada ya kumzika mama, nikapanga chumba mtaa wa Mikelenge, hapa Kindu, na urithi wangu ulikuwa kitu kimoja: sarafu ya tundu ya wakati wa Wabeleji, kwenye uzi mwekundu, ile aliyonifunga kiunoni nikiwa mchanga ili macho mabaya yasinipate. Jioni nilikuwa naongea nayo (msicheke, kuta zilikuwa zimeshachoka kunisikiliza). Siku moja nikajiuliza: hii ilizaliwa wapi, na ina ndugu wangapi? Basi nikaanza kwenda kwenye chumba cha nyaraka za serikali kuomba faili za zamani za sarafu.

Papa Asani, mtunza nyaraka, aliniletea vumbi la kutosha kujenga nyumba tatu. Juma la tatu tukaipata: faili ya sarafu za tundu, yenye mchoro, na mji wa Ulaya zilikopigwa chapa, na meli zilizozileta. Nikavua uzi shingoni, ninakoivaa tangu kiuno kiushinde, nikaweka sarafu juu ya mchoro, ikalingana sawasawa, nikapiga kelele hadi popo wa darini wakahama mtaa. Nilipotaka kufungua ukurasa unaosema zilitengenezwa ngapi, Papa Asani akatikisa funguo.

"Saa nane, sitwayen. Utasoma siku ingine." (Enzi zile sote tuliitwa sitwayen, yaani mwananchi.)

Kamba ya faili ilikuwa imeoza, karatasi zinamwagika, nami nikaamua jambo dogo kabisa: nikaifunga kwa uzi wangu, sarafu ikaning'inia kando, nikaenda zangu nikijua nitairudia.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, mji mzima uko uwanjani na mafagio. Kumbe Papa Asani, kwa kelele zangu zile, alikuwa ameisifu faili mbele ya Komisere, mkuu wa serikali mjini, na Komisere akataka kutusomea jinsi pesa za wageni zilivyoingia nchini. Akaipokea, akaona uzi mwekundu, akaiachia chini kama kaa la moto.

"Njo nini hii? Nani ananitegea dawa?"

Mafagio yakasimama. Macho yote yakamgeukia Papa Asani, ambaye ndiye aliyeileta.

"Itupwe kwenye maji," akasema Komisere, na askari akauchomoa uzi kwenye faili kwa kijiti, akaelekea mtoni.

Ningeweza kunyamaza, na mzee yule angefungwa, na mama yangu angezikwa mara ya pili, safari hii majini. Miguu ikatangulia bila kuniuliza.

"Iko yangu, sitwayen Komisere."

"Yako ya kazi gani?"

"Ya kiunoni."

"Kiuno ya nani?"

"Yangu. Nilipokuwa mutoto."

Mama mmoja wa nyuma akasema, taratibu kabisa, "Ajifunge basi, tuone kama ingali inaenea."

Komisere akanipa ishara kwa kichwa nijifunge. Nikajifunga, mbele ya Kindu na nusu ya majirani zetu wa Kailo. Uzi ulitoka kitovuni ukakata tamaa kabla ya nyonga. Watu walicheka hadi mto ukabadili njia, Komisere akashika kofia yake, Papa Asani akakaa chini akipumua.

"Chukua mali yako, mutoto," akasema Komisere akijifuta macho, "na kule kwa nyaraka usikanyage tena."

Kwa hiyo idadi ile sijaisoma hadi leo. Nimeapa, karatasi za serikali zifungwe kwa kamba ya serikali, ya kwangu ibaki shingoni ndani ya shati. Lakini sokoni bado wananiita kwa mbali, "Umekwisha kula, mutoto?" nami najifanya nimeudhika, ingawa kabla ya siku ile hakuna mtu Kindu aliyewahi kuniuliza kama nimekula.