Beshik Tupu

Mganga hajigangi, na fundi wa vitanda vya watoto hamlazi mtoto wake. Ndivyo mtaa mzima pale Margilan ulivyomcheka Hikmat. Alichonga beshik, kile kitanda cha mtoto chenye miguu ya kupinda kinachobembea ukikigusa, kama alivyochonga baba yake, mzee Tursun, na wote wawili walifanyia kazi barazani, uani mwa nyumba yao. Binti wa kwanza wa Hikmat, Oydin, alikuwa na mwezi na ushei, na kazi yake ilikuwa kulia. Alilia ameshiba, alilia amekauka, alilia akibebwa na akilazwa. Nesi wa zahanati alimpima akasema mtoto mzima, wengine ndivyo walivyo, yatapita. Maneno mazuri, ila nesi alikwenda kulala kwake.

Aliyebaki na kilio ni Zulhumor, mke wa Hikmat. Mama mkwe alikuwa marehemu, na mama yake mzazi alikuwa mji wa mbali, miguu inamsumbua. Majirani walileta supu asubuhi, wakamwaga ushauri, wakaondoka. Hikmat mwenyewe alikuwa pale pale nje ya mlango, randa mkononi, lakini hakuthubutu kumbeba bintiye. Kwao kijana hambebi mwanawe mbele ya baba yake mzazi. Ni utovu wa adabu, ni kama kumwambia mzee: sasa baba ni mimi, wewe kaa kando. Akitaka kumbusu mtoto, humbusu kwa kuiba, mzee akiwa msikitini. Aliyeitunga adabu hiyo, bila shaka mtoto wake alikuwa mpole.

Alasiri moja alikuja Bi Mavluda, jirani, kumchagulia binti yake beshik ya mjukuu wa kwanza. Ndani Oydin alikuwa ameshika kazi yake.

"Huyo ndiye wenu?" akauliza, akizibonyeza mbao. "Basi mimi nipeni beshik isiyo ndugu na ya kwake!"

Mzee Tursun akacheka. Hikmat hakucheka, alikuwa akisikiliza. Kule ndani miguu ya beshik iligonga sakafu mbio mbio, kwa mlio mwepesi, na kilio kilitoka upande mwingine wa chumba. Mkewe alikuwa akibembeza beshik tupu.

Hakuna mtu kwao anayefanya hivyo. Hata mtoto akiigusa kwa mchezo hupigwa kofi mkononi, maana wanasema ni kumwitia mwenye beshik balaa. Hikmat akaitupa randa, akaingia.

Zulhumor alikuwa amekaa chini, macho makavu, mkono unakwenda wenyewe. Oydin alikuwa kwenye godoro kando ya ukuta, uso umemwiva.

"Zulhumor! Unabembeza nini?"

"Usinigombeze." Hakugeuka. "Nimemweka kule makusudi. Nilimshika hivi, mabegani, nikasikia mikono inataka kumtikisa. Kwa nguvu, Hikmat, anyamaze tu. Ndiyo nikamweka. Sasa mikono yenyewe sina pa kuipeleka."

Hikmat akaogopa, na safari hii hakuogopa mambo ya beshik. Alimwogopea mtoto, akamwogopea na mke.

"Umefanya vizuri kumweka," akasema.

"Mtoe. Mtoe nisimsikie, hata kidogo."

Pa kumtoa palikuwa mahali pamoja tu, uani, alipokaa mzee. Hikmat akamwinua Oydin, akamweka kifuani, akatoka.

Bi Mavluda akabaki mdomo wazi. Randa ya mzee ikasimama. Hikmat alitamani ardhi ipasuke immeze, na huku mtoto anampigia kelele shingoni.

"Nisamehe, baba. Mwenzangu amefika mwisho."

Mzee Tursun akamtazama, akautazama mlango. Kisha akakigeuza kigoda chake taratibu, akawapa mgongo.

"Bi Mavluda, njoo upande huu. Rangi inaonekana vizuri huku."

"Mzee Tursun! Na huyo mwanao ka—"

"Mwanangu yuko kazini. Kwani wewe unamwona? Mimi simwoni."

Hikmat akatembea, toka mzabibuni hadi kwenye tanuri la mikate, akirudi na kwenda tena. Oydin hakunyamaza. Bi Mavluda akanunua, akaenda zake, na kabla ya magharibi mtaa ulikuwa umepata cha kutafuna. Mzee aliendelea kupiga randa akiwa vile vile, mpaka shingo ikamkakamaa.

Zulhumor alikuwa amelala pale pale sakafuni. Aliposhtuka jua lilikuwa limeshuka, akakimbilia mlangoni, ushungi umemwangukia begani.

"Jamani, bado analia! Nipe, nipe mtoto. Nimelala kama gogo."

Hikmat akaanza kunyoosha mikono ampe. Mzee akamwambia mkwewe, akiwa kule kule alikogeukia:

"Rudi ukalale, mwanangu. Huyo analia tu. Yuko na baba yake."