Assignment ya kanisa la kale la Italia ilivyotaka kunirudisha Bongo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijakitia chumvi. Miaka imepita ila nikikumbuka bado nakereka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nasoma Maryland, naishi Langley Park, Wabongo watatu chumba kimoja. Nilishafeli masomo mawili, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ikaniambia waziwazi: ukifeli tena, status inakwenda, unarudi kwenu.

Somo lililonikaba koo ni historia ya sanaa. Mimi nasomea uhasibu, sanaa ya nini? Lakini ilikuwa lazima, ndio mfumo wao.

Profesa, mama mmoja mkali, akatupa assignment: chagua kanisa la kale la Italia, eleza historia na michoro yake, kurasa kumi.

Nikajiona nina bahati ya mtende. Kibarua changu (ya vibali msiniulize) kilikuwa Arlington, kumhudumia mzee wa Kiitaliano wa miaka themanini na kitu. Kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa. Na kijijini kwao kuna kanisa la tangu enzi za kati.

Nikamwomba anisimulie. Wiki tatu mzee akatiririka.

Ukuta wa nyuma ya altare una mchoro wa Siku ya Hukumu. Rangi zilipakwa plasta ikiwa bado mbichi, ndiyo maana hazitoki. Kwenye moto wa jehanamu mchoraji kaweka sura za watu aliogombana nao: mwoka mikate, mwanasheria, hadi padri.

Leo anasema mwoka mikate yuko kushoto, kesho anasema yuko kulia. Mimi kimya, naandika tu. Nimekulia Moshi, mzee akiongea humkatizi wala humhoji. Hilo nilifundishwa kwa fimbo.

Nikakabidhi kazi. Ikarudi na wino mwekundu wa profesa: nilichoandika hakilingani na mchoro wenyewe.

Kumbe ukuta ule ulipakwa chokaa wakati wa tauni, eti kuua ugonjwa, ukakaa mweupe karne kadhaa. Chokaa ilikuja kukwanguliwa mzee akiwa ameshahamia Amerika zamani. Hicho alichonisimulia hakuwahi kukiona!

Niandike upya kufikia Ijumaa, la sivyo F. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Wakuu, nilichoka. Nikampigia Wambui, Mkenya aliyekuwa anashika zamu za weekend kwa huyo mzee. Akacheka weee, kisha akaniambia, "Si umuulize tu straight, hapa si ushago, kijijini kwenu. Unamuogopa aje na ni wewe unamuosha?"

Jumatano nikaenda na kitabu cha library. Nikazungukazunguka nusu saa nzima, mwishowe nikamwekea mapajani picha ya ule ukuta.

Akaitazama. Nikategemea aone aibu kidogo. Wapi, kibao kikanigeukia mimi.

"Bibi yangu ndiye alinisimulia, naye alisimuliwa," akasema. "Nilikuwa nabadilisha hadithi makusudi nione kama utauliza. Hukuuliza hata mara moja. Nikajua hunisikilizi, unanivumilia tu kama wengine wote wanaokuja hapa."

Niliudhika sana. Nikaudhika zaidi kwa sababu alikuwa amesema kweli. Yeye akiongea, mimi kichwani nahesabu kurasa.

Ndipo nikauliza swali langu la kwanza. Nikamwambia, sasa wewe mwenyewe uliona nini humo ndani?

Akasema, sakafu. Misa ilikuwa ndefu, ya Kilatini, na mama yake alimkataza kugeukageuka, basi akawa anatazama chini. Vipande vya mawe meusi na meupe vimepangwa vikawa wanyama. Samaki. Jogoo. Sungura asiye na sikio moja, maana magoti ya waumini yalishavilegeza vile vipande vikang'oka.

Nikafungua kitabu. Sungura yupo, na sikio hana.

Niliandika upya, kurasa nne sakafu tupu. Nikapata B-, status ikapona. Mzee naye akasoma nakala yake, akalalamika kwamba jogoo nimemwandika kwa haraka.

Funzo? Nilikuwa nakaa kimya nikaita heshima, kumbe sikuwa na habari naye.

Babu yangu alifariki Moshi mimi nikiwa hukuhuku. Nimelala naye nyumba moja miaka kumi na minane, na sikumbuki swali hata moja nililowahi kumuuliza.

Nyie ambao wazee wenu bado wapo, huwa mnawauliza nini? Uwanja wenu, hata wa kunisema aniseme.